Kutoka Mambrui hadi Xi'an: Msikiti Usio na Kuba

Nilikulia Malindi, na mtoto wa Malindi hufundishwa mapema kwamba mji wake ulijulikana duniani mwaka 1498, pale Vasco da Gama alipotia nanga na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Darasa letu lote lilipelekwa kwa miguu hadi kwenye nguzo ya Mreno huyo, tukasimama juani tukinakili maandishi ya kibao kwenye madaftari. Mambrui, ambayo haiko mbali ukishavuka Mto Sabaki, hatukupelekwa. Huko nilipelekwa na babu yangu, siku tuliyokwenda kuzuru makaburi ya jamaa zake, naye ndiye aliyenionyesha kaburi la kale lenye mnara wa mawe uliopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Baadhi yalikuwa yameng'oka na kuacha mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Nilimuuliza nani aliyeyaleta, naye akajibu kwa utaratibu, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mmoja analijua: "Wachina, mjukuu wangu. Na miongoni mwao walikuwamo Waislamu kama sisi."

Jibu hilo nililichukulia kuwa masimulizi ya wazee. Wachina niliowaona utotoni walikuwa wale wa kwenye filamu za kupigana, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akisali. Babu alifariki kabla sijapata nafasi ya kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli, na makala haya, kwa sehemu kubwa, ni kile ambacho ningemsimulia barazani lau angekuwapo.

Nilifika Xi'an mwishoni mwa Oktoba, nikiwa na begi moja mgongoni. Kama Waafrika Mashariki wengi wanaokwenda China, nilianzia Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa majengo yake ya nguo na vipuri kuliko wanavyoijua Kisumu. Kutoka huko nilipanda treni ya kawaida yenye vitanda, ile inayochukua zaidi ya siku nzima, kwa sababu nilitaka kuona nchi ikibadilika dirishani: mashamba ya mpunga yakageuka kuwa ya mahindi, na hewa ya unyevunyevu ikageuka kuwa vumbi kavu la udongo wa manjano. Usiku wa kwanza mjini, nyumba moja ya wageni ilikataa kunipokea kwa maelezo kwamba haikuwa na ruhusa ya kulaza watu wa nje. Ya pili ikanipokea. Hayo ni mambo ya kawaida kwa msafiri wa begi, nami sitayaongezea neno.

Xi'an ndiyo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa dola ya Tang na mwisho wa njia za misafara zilizovuka jangwa hadi Samarkand na Baghdad. Vitabu vya historia ya Tang vimeandika kwamba mwaka 651, katika ukhalifa wa Uthman bin Affan, wajumbe wa Waarabu walifika mbele ya mfalme wa China. Baada ya wajumbe walikuja wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiajemi, wakaja na askari, wakaoa na kuzaa, na katika karne zilizofuata vizazi vyao vikawa Wachina kwa lugha, kwa majina na kwa sura, wakabaki Waislamu kwa dini. Hao ndio Wahui. Leo ni zaidi ya milioni 10 katika China nzima, na mtaa wao maarufu kuliko yote uko ndani ya ukuta wa mji wa Xi'an, nyuma ya Mnara wa Ngoma uliojengwa mwaka 1380.

Unapita chini ya tao la mnara huo na kutokea kwenye mtaa wa Beiyuanmen, nao unakupokea kwa moshi. Mishikaki ya kondoo inachomwa kila upande na kunyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili, harufu ambayo ingemfanya mtu wa Mombasa ageuze shingo kutafuta Forodhani au Mama Ngina. Makomamanga yamepangwa kama mizinga na kukamuliwa mbele yako. Wanaume wenye kofia nyeupe wanapokezana nyundo kubwa za mbao kuponda karanga na sukari juu ya gogo. Yapo pia mabati makubwa ya wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke pamoja na kunazi na maharage, unaokatwa kwa kisu kama keki na kuliwa kwa kijiti. Hata hivyo Beiyuanmen ni mtaa wa kuuzia wageni, na anayeishia hapo atakuwa ameonja tu. Mtaa wenyewe unaanza pale unapopinda na kuingia katika vichochoro, ambako baiskeli za umeme zinakupita bila sauti, wazee wamekaa vibarazani, na juu ya milango ya nyumba kumebandikwa shahada iliyoandikwa kwa khati nene ya mviringo, yenye mikia mirefu iliyochongoka, ambayo mtu aliyezoea misahafu yetu atalazimika kuitazama mara mbili kabla ya kuisoma.

Katika kichochoro kimoja cha namna hiyo niliingia hotelini, hoteli kwa maana yetu ya pwani, mahali pa kula. Niliagiza chakula kinachoitwa yangrou paomo. Mhudumu hakuniletea chakula. Aliniletea bakuli tupu, kubwa kama la kukandia unga, na ndani yake mikate miwili ya mviringo, migumu na mizito, kisha akaenda zake. Nikaanza kuumega kama ninavyomega mkate wa mofa wa kutowelea mchuzi. Mzee wa meza ya pili, aliyevaa kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kwa muda, akainuka, akakaa mbele yangu, akachukua kimojawapo cha vipande vyangu na kukivunja tena, na tena, mpaka kikawa kama punje ya soya. Akaniwekea kiganjani. Halafu akaonyesha bakuli lote.

Kazi hiyo ilinichukua karibu nusu saa. Mkate ule haujaumuka sawasawa, kwa hiyo hauvunjiki kirahisi, na ncha za vidole huanza kuuma. Lakini nilipotazama pembeni niliona kwamba hoteli nzima ilikuwa ikifanya vivyo hivyo: watu wanaongea, vichwa vimeinama, vidole vinachambua, na hakuna anayeharakisha. Bakuli likishajaa linarudishwa jikoni, na mpishi kwa kuutazama tu ukubwa wa vipande hujua atie supu kiasi gani. Likarudi likitoa mvuke, lina nyama ya kondoo, tambi nyembamba za kung'aa na supu nyeupe ya mifupa, na pembeni yake kisahani cha vitunguu saumu vilivyoloweshwa kwa siki na sukari. Mzee alisubiri nionje, akaona uso wangu, akarudi kwenye meza yake. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja isipokuwa salamu, ambayo kwake ilitoka kama "salyanmu", na bismillahi, ambayo ilitoka karibu sawa na yangu.

Msikiti Mkuu uko katika kichochoro cha Huajue, na mtu anaweza kuupita bila kuujua. Hakuna kuba. Hakuna mnara mwembamba unaoonekana kutoka mbali. Kuna ukuta wa matofali ya kijivu, mlango wa pembeni, na mapaa yaliyopinda ncha kama ya nyumba yoyote kongwe ya Kichina. Mlangoni mlinzi alinionyesha kibao cha bei ya tiketi. Nikamsalimia na kumwambia kwamba mimi ni Mwislamu. Alinitazama, si kwa ubaya, akaweka mkono sikioni kama mtu anayetaka kusikia zaidi, nami nikaelewa nikamsomea Alhamdu pale pale, begi likiwa mgongoni. Kabla sijafika aya ya nne alikuwa ameshafungua njia na kuweka mkono kifuani. Mwislamu hatozwi tiketi ya kwenda kusali, na kwake ule ndio uliokuwa uthibitisho. Sikuona udhia wowote katika jambo hilo. Nisingeweza kumwonyesha cheti kilicho bora zaidi.

Ndani kuna nyua zinazofuatana, kila moja ikifunguka baada ya nyingine kuelekea magharibi, na urefu wa kiwanja chote unakaribia mita 250. Kwanza sikuelewa kwa nini nilihisi kwamba dira yangu imevurugika. Baadaye nikatambua. Sisi wa Malindi, Mombasa na Unguja tunasali kuelekea kaskazini. Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja, na tangu utotoni mwili wangu umejua kwamba kibla ni upande ambao bahari iko mkono wa kulia. Xi'an kibla ni magharibi. Wachina tangu kale hujenga mahekalu na makasri yao yakitazama kusini, lakini Wahui walichukua umbo lile lile la kujengea, nguzo zile zile, vigae vile vile, wakaligeuza lote lilale mashariki hadi magharibi. Mtu asiye na habari ataona jengo la Kichina tu. Mwenye habari ataona kwamba jengo zima, kutoka ukuta wa kwanza hadi mihrabu, limeelekea Makka.

Majengo yaliyopo leo asili yake ni mwaka 1392, mwanzoni mwa dola ya Ming, na yameongezwa na kukarabatiwa mara nyingi tangu hapo. Lipo jiwe la maandishi linalosema kwamba msikiti uliasisiwa mwaka 742, ingawa wasomi wengi wanaona kuwa maandishi ya jiwe hilo yalitungwa baadaye sana. Kwangu tofauti hiyo haikupunguza kitu. Kuna lango la mbao la karne ya 17 lenye vigae vya samawati, ambalo viungo vyake vimepandana kama vidole vilivyofumana. Kuna mawe mawili makubwa yaliyochongwa hati za waandishi mashuhuri, mmoja Mi Fu wa enzi ya Song na mwingine Dong Qichang wa enzi ya Ming. Na katikati ya ua wa tatu kuna jengo la mbao la pembe nane, lenye mapaa matatu yaliyopandana, ambalo mgeni angedhani ni kibanda cha kupungia upepo. Huo ndio mnara wa msikiti. Jina lake kwa Kichina ni Xingxin, maana yake kuuchunguza moyo, na sijawahi kusikia mnara wa adhana uliopewa jina zuri kuliko hilo.

Mchana ule watalii walikuwa wengi. Wanaruhusiwa kutembea nyua zote, ila ukumbi wa sala ni wa Waislamu peke yao, na wengi walikuwa wamesimama kwenye jukwaa la mawe mbele ya milango, wakinyoosha simu juu ya vichwa vya wazee waliokuwa wakivua viatu. Nilikuwa nimeshatoa simu yangu pia. Nilipomwona mzee mmoja akijaribu kuinama afungue kiatu huku akijikinga uso kwa kiganja, nikairudisha mfukoni, na sikuitoa tena siku zote nilizokuwa pale. Ninaamini kabisa kwamba msafiri anayeingia mtaa wa watu wa ibada ana wajibu wa kujiuliza kile anachokichukua, kwa maana picha ya mtu aliyesujudu huchukuliwa bila yeye kuwa na nafasi ya kukataa. Niliondoka, nikaamua kurudi saa ambayo watalii hawapo.

Nilirudi magharibi, saa kumi na mbili kasoro, nyua zimeshaingia giza na maji ya udhu yakiwa baridi kiasi cha kutia ganzi mikono. Nje ya mlango wa ukumbi, mwadhini alisimama akaadhini kwa koo lake mwenyewe, bila kipaza sauti, kwa sauti ya kadiri iliyotosha nyua na haikuvuka ukuta. Ndani nilihitaji muda macho yazoee. Ukumbi ni mpana, unaingiza watu kama elfu moja, na kuta zake zimefunikwa kwa mbao zilizochongwa Qur'ani, juzuu zote 30, kwa Kiarabu na pia kwa Kichina. Niliukaribia mmojawapo wa mbao hizo kabla ya ikama nikauona kwa karibu: herufi zimeinuliwa juu ya mbao, kingo zake zimelainika, na katika mzunguko wa herufi nun kulikuwa na vumbi kidogo ambalo kitambaa hakijalifikia. Juu, dari ni mamia ya vibao vya mraba vilivyopakwa rangi za maua na maandishi. Harufu ilikuwa ya mbao kongwe na sufu.

Tulipanga safu mbili na nusu. Karibu wote walikuwa wazee. Imamu alipomaliza Fatiha kwa sauti nzuri iliyokaza kidogo herufi za mwisho, nikasema "Aamin" kwa nguvu, kama nilivyosema tangu nikiwa na miaka mitano katika msikiti wa mtaa wetu, na sauti yangu ikasikika peke yake katika ukumbi mzima. Wahui ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, na kwao amin husemwa kimoyomoyo. Sisi Mashafii wa pwani tunaitoa. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma chuoni kwa maalimu, nikayakariri nikapita mtihani, lakini sikuwahi kuyaishi. Katika rakaa ya pili niliinyamazisha. Baada ya salamu mtu aliyekuwa kulia kwangu, mwenye ndevu chache nyeupe, alinishika mkono wa juu akaubana kwa upole, akatikisa kichwa kama anayesema hapana neno.

Kijana mmoja aliyekuwa safu ya nyuma alinifuata nje. Alikuwa mwanafunzi wa dini kutoka Gansu, wale wanaoitwa manla, na alizungumza Kiarabu cha vitabuni, cha polepole, ambacho kilinifaa kwa kuwa changu pia ni cha vitabuni. Tulikaa kwenye ngazi mpaka baridi ilipotushinda. Akanifundisha kwamba sala tuliyotoka kusali wao huiita sham, na ya alfajiri ni bangda, na imamu ni ahong, na yote hayo ni maneno ya Kiajemi yaliyopita katika ulimi wa Kichina. Nikamwambia kwamba na sisi tunayo ya Kiajemi, ila kwetu yamekaa baharini na majumbani: nahodha, bandari, dirisha. Hilo lilimfurahisha sana. Akachukua kalamu akaandika mstari kwa herufi za Kiarabu, akaniambia nisome. Niliweza kuutamka lakini sikuuelewa, na hapo ndipo aliponieleza kwamba ulikuwa Kichina. Wahui kwa karne nyingi wameandika Kichina chao kwa herufi za Kiarabu, kwa ajili ya masomo ya dini na barua za nyumbani, na maandishi hayo yanaitwa xiao'erjing. Nikaichukua kalamu, nikaandika chini yake, kwa herufi hizo hizo, "Sisi ni watu wa Malindi," kwa namna babu alivyokuwa akiandika barua zake na jinsi tenzi za Pate na Lamu zilivyoandikwa. Naye akausoma, akautamka wote vizuri, na hakuuelewa.

Nimeifikiria karatasi ile mara nyingi. Katika umri wangu nimewasikia watu wengi, baadhi yao wametoka kusoma nje, wakituambia sisi Waswahili kwamba Uislamu wetu umechanganyika, kwamba kasida zetu, maulidi yetu na maneno yetu ni dalili ya dini iliyopoa kadiri ilivyosafiri mbali. Niliwahi kuliamini jambo hilo kwa miaka kadhaa, na lilinifanya nimdharau babu yangu kimoyomoyo, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Kule Xi'an nilikutana na watu ambao wako mbali zaidi na Hijazi kuliko sisi, na ambao msikiti wao hauna kitu chochote ambacho mchoraji wa kadi za Idi angekitambua. Wameushika kwa zaidi ya miaka elfu. Mbao na vigae ni vyao, kama vile matumbawe na boriti za mikoko ni vyetu, na kibla ni kimoja.

Kijana ndiye aliyenitajia Hasan. Nilipomweleza kuhusu mabakuli ya Mambrui alinyamaza, kisha akasema kesho asubuhi tukutane kichochoro cha Daxuexi, jina lenye maana ya mafunzo makubwa, ambako kuna msikiti mwingine wa kale, mdogo na mtulivu, usiotembelewa na watalii wengi. Humo kuna jiwe la mwaka 1523. Linaeleza kwamba mwaka 1413 Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme Yongle, alifika mkoani Shaanxi kutafuta mkalimani wa kwenda naye nchi za Waarabu, akamchukua Hasan, imamu wa msikiti ule. Linaendelea kusimulia kwamba wakiwa baharini walikumbwa na dhoruba, Hasan akaomba dua, bahari ikatulia, na Zheng He aliporejea akaukarabati msikiti kwa shukrani.

Zheng He mwenyewe alizaliwa mwaka 1371 mkoani Yunnan katika ukoo wa Kihui, na baba yake na babu yake walikuwa mahujaji. Safari aliyokwenda na Hasan, ya nne katika safari zake saba, ilifika Hormuz. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China, ambako watu wa baraza walimwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, na katika safari ya tano, iliyoondoka mwaka 1417, merikebu za Zheng He zikaja hadi pwani yetu. Hiyo ni miaka 80 kabla ya nguzo ambayo darasa letu lilipelekwa kunakili. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na wa China walipata karibu na Mambrui sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle. Siwezi kusema kwamba mabakuli ya kaburi lile yalishuka kutoka merikebu hizo, kwa sababu kauri za Kichina zilikuwa zikifika pwani kwa mikono ya wafanyabiashara karne nyingi kabla na baada. Lakini kwamba katika Wachina waliovuka bahari hiyo walikuwamo Waislamu, hilo limeandikwa kwenye jiwe, na nilisimama mbele yake.

Mtu asidhani kwamba historia hii ilipita kwa wepesi. Mwaka 1862 vita vilizuka mkoani Shaanxi kati ya Wahui na jirani zao Wahan, ambao ndio Wachina walio wengi, na dola ya Qing ikaingia kwa jeshi. Vijiji vya Kihui vilivyozunguka Xi'an viliteketezwa, waliosalia wakakimbilia Gansu, na baadhi wakavuka milima ya Tian Shan katika baridi kali hadi ardhi ya Urusi, ambako vizukuu vyao wapo mpaka leo Kirgizia na Kazakhstan. Waliokuwa ndani ya ukuta wa mji, katika vichochoro hivi, ndio waliosalimika. Karne moja baadaye, kuanzia mwaka 1966, ibada ilipigwa marufuku nchini kote kwa miaka kumi. Na katika miaka yetu hii, hasa tangu 2018, serikali imekuwa ikiondoa makuba na minara ya umbo la Kiarabu kwenye misikiti ya Wahui katika mikoa kadhaa, pamoja na maandishi ya Kiarabu kwenye milango ya maduka, kwa hoja kwamba dini lazima ifanane na nchi. Mwaka ule ule, huko Weizhou, mkoa wa Ningxia, watu walikesha nje ya msikiti wao mkuu kuuzuia usibomolewe. Nilipoulizia habari hizi, kijana wangu alitazama chini akaniuliza kuhusu hali ya hewa ya Malindi, nami nikamjibu kuhusu hali ya hewa ya Malindi. Kuna maswali ambayo mgeni akishaondoka, mwenyeji ndiye anayebaki nayo, na sikuwa na haki ya kumbebesha. Nilichoweza ni kukitazama kile kibao cha Kichina kilicho chini ya kila mstari wa Kiarabu na kujiuliza ni nani anayeweza kudai kwamba msikiti wa mwaka 1392, wenye vigae vya samawati na mnara wa pembe nane, haujafanana na nchi yake.

Siku ya mwisho nilikwenda sala ya alfajiri. Hapakuwa na kunuti, ile dua ambayo sisi Mashafii huisoma katika sala ya alfajiri, na safari hii mwili wangu haukungoja. Tulipotoka, familia moja iliyokuwa ikikumbuka mwaka wa marehemu wao ilikuwa imewaalika ahong na baadhi ya jamaa kwenye chumba cha pembeni. Shughuli hiyo wanaiita ermaili, ambayo ni ile ile amali ya Kiarabu, nasi tungeiita hitima bila kusita. Qur'ani ikasomwa. Kikaletwa kikapu cha youxiang, maandazi bapa ya ngano yaliyokaangwa kwa mafuta ya ufuta, ambayo Wahui huyapika kwa Idi, kwa ndoa na kwa kuwakumbuka wafu, na nikapewa mawili katika karatasi. Yalikuwa ya moto, mazito kuliko mahamri yetu na hayana hiliki, na mafuta yaliipenya karatasi mara moja.

Kabla ya dua, kijana aliinama akaninong'oneza kama ninaye marehemu wangu ninayetaka atajwe. Nikampa jina la babu. Akampelekea ahong, na ahong akauliza mara mbili ili alipate vizuri, kisha akainua mikono. Baada ya majina ya Kichina nililisikia jina la babu yangu likitamkwa silabi moja moja, kwa uangalifu, likiwa limebadilika kidogo pale penye herufi ambayo ulimi wao hauna. Chumba kizima kikaitikia amin, kwa sauti.

Mchana ule nilipanda treni ya kwenda Lanzhou, na yale maandazi mawili niliyamaliza kabla hatujafika Baoji.